Nimekabidhiwa hoteli Malindi, wafanyakazi wamevunjika moyo: mkubwa wa kampuni afanye nini hasa?

Meneja_Mgeni ameuliza:

Shikamooni wakubwa zangu, na rika langu habari zenu.

Nimekabidhiwa hoteli moja hapa Malindi, upande wa Casuarina. Mimi si mgeni wa mji, nimezaliwa Maweni, ila kazi yangu yote ilikuwa Nairobi kwenye mahesabu, na hoteli nilikuwa nikizijua kwa karatasi tu. Wenye mali wanaishi Italia, huja mara moja moja, na sasa wamenitaka niwe meneja mkuu.

Hali niliyoikuta ni hii. Watu wanakuja kazini, hawagomi, hawamtukani mtu, lakini moyo haupo. Mgeni akiuliza kitu kisicho cha idara yake, mhudumu anajibu "sijui" na kushika njia yake. Kijana wetu wa pasta, mzaliwa wa Muyeye anayezungumza Kiitaliano utadhani kakulia Bologna, ameaga, yuko Doha. Nikiitisha mkutano wanatazama sakafu. Nikiuliza nani ana swali, kimya. Nikishatoka tu, nasikia nyuma ya jikoni gumzo limepamba moto.

Kuongeza mishahara kwa sasa siwezi. Tuko Februari, wageni wa Krismasi wamekwenda, wamebaki wazee wanaokimbia baridi ya kwao mpaka Machi, kisha kusi inaingia na vyumba vinabaki vitupu hadi Julai. Bodi imenipa mapendekezo mawili: picha ya mfanyakazi bora wa mwezi pale mapokezi pamoja na zawadi ya blenda, na siku nzima ya michezo ufukweni, kila mtu na fulana yake. Sijakataa, ila roho yangu haijatulia.

Mliowahi kuongoza watu wengi, au mlioongozwa mkapenda, nawaomba. Simzungumzii msimamizi wa idara. Namzungumzia yule wa juu kabisa: afanye nini hasa?

Afisa_Ajira amejibu:

Hongera na pole, kaka.

Nakupa ya vitabuni kwa ufupi. Mmarekani Frederick Herzberg na wenzake waliwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 mjini Pittsburgh, matokeo yakatoka mwaka 1959. Waliona kwamba yanayomuudhi mtu kazini na yanayomchangamsha si mamoja. Mshahara mdogo, kanuni za ovyo, msimamizi mbaya, mazingira mabovu: hayo yakiwepo mtu hununa, yakiondolewa huacha kununa, basi. Kinachomwamsha ni kazi yenyewe, kuona amefanikisha jambo, kutambuliwa, kuaminiwa na madaraka. Blenda siioni humo.

Lakini usije ukawaambia wenye mali kwamba pesa si kitu. Mwaka 1913 Henry Ford alilazimika kuajiri watu zaidi ya 50,000 ili kiwanda chake cha magari kibaki na wafanyakazi 14,000 hivi, maana watu walikuwa wakiingia na kutoka. Januari 1914 akatangaza dola 5 kwa siku, karibu mara mbili ya walichokuwa wakipata, na saa za kazi akazishusha kutoka 9 hadi 8. Watu wakatulia.

Na jambo la sheria kabla kusi haijakukuta. Usimwambie mtu aende nyumbani bila malipo kwa amri tu. Hilo linataka makubaliano naye. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa kila aliyefanya kazi mwaka mzima likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi, yenye malipo. Ukiamua kupunguza watu kabisa, kuna notisi ya mwezi na fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia.

Trei_Mkononi amejibu:

Mkuu Afisa, hukuimaliza hadithi ya Ford. Hizo dola 5 hakuzipata kila mtu. Kulikuwa na wakaguzi wakipita majumbani kuangalia kama mtu analewa, anaweka akiba, nyumba yake ni safi. Wakija kwangu Kisumu Ndogo nitafeli kabla hawajavua viatu.

Bosi Meneja, mimi ni weita, hoteli nyingine si yako (natumai). Fulana za michezo ninazo, nafutia baiskeli. Na hiyo siku ya ufukweni mara nyingi huwekwa siku ya ofu yetu. Ukitaka kujua kwa nini wananyamaza mkutanoni, chunguza aliyeuliza swali mara ya mwisho alipelekwa wapi. Kwetu aliyeuliza habari ya saviss chaji, ile pesa ya huduma anayotozwa mgeni tukagawana, alihamishiwa bustani. Mpaka leo hajui mchongoma na asumini.

Mama_Mashuka amejibu:

Marahaba mwanangu Meneja.

Mimi nimestaafu. Niliingia hoteli kama kibarua wa dobi nikatoka nikiwa hausikipa mkuu, hapa hapa Malindi, na mabosi nimewaona wa kila sura: Wajerumani, Waitaliano, watu wa bara, watoto wa nyumbani. Sitaji hoteli.

Hiyo picha iache. Kila mwezi itamwangukia weita au mtu wa mapokezi, kwa sababu ndio wanaotajwa na wageni kwenye karatasi za maoni. Dobi hakuna mgeni anayemjua. Yuko nyuma kule na mvuke, vidole vimechubuka kwa jiki, na hiyo picha ataiona akipita na taulo begani. Ukiibadilisha mara chache tu, watu wa nyuma wote washajua kwamba hawahesabiwi.

Kulikuwa na bosi mmoja nitakayemsimulia, maana wewe umeuliza ya mtu wa juu. Hakuwa mcheshi. Salamu yake fupi, kicheko kwa nadra. Lakini watu walimfuata. Alianza na karatasi ya saviss chaji.

Kabla yake tulikuwa tukiletewa bahasha imefungwa, umepata ulichopata. Mwezi hoteli imejaa mpaka vitanda vya kuongeza, bahasha nyembamba. Mwezi mtupu, ile ile. Basi kila mtu na habari yake: mhasibu anajenga Mtwapa, meneja kanunua matuktuk kayaandikisha kwa jina la shemeji. Bosi huyu akabandika kantini kwetu karatasi nzima: mauzo ya mwezi, kilichokusanywa, kilichokatwa kwa vyombo vilivyovunjika, pointi za kila daraja, na pointi moja ni shilingi ngapi. Mwanzo ilikuwa vita. Watu wa bustani wakauliza kwa nini pointi zao ni chache kuliko za baa. Aliwasikiliza, moja akakubali, jingine akakataa na akasema kwa nini. Baadaye ndipo nikaona kitu kigeni: watu wakaanza kuisoma hoteli. Mwosha vyombo ananiambia, "Mama, glasi za mwezi huu ni daftari za watoto." Maweita wakawa wanamweleza mgeni habari ya changu na kamba walioingia asubuhi ile kabla hajafungua menyu, maana akila mkahawa wa jirani hakuna kinachoingia kwenye karatasi yetu. Hakuna aliyewatuma.

Kisha kusi, na hapa ndipo wakubwa wengi wanapowapoteza watu.

Mfanyakazi wa hoteli Malindi hahitaji kuambiwa kwamba wageni hawatakuwepo. Anauona mwani ulivyorundikana ufukweni, anayaona maji ya Sabaki yalivyoigeuza bahari rangi ya chai ya maziwa. Anachotaka kujua ni yeye atakuwa upande gani na kuanzia lini. Hilo ndilo analofichwa mpaka siku ya mwisho ya Aprili, halafu orodha inatundikwa getini na askari ndiye anayewasomea wenzake majina. Na tazama wakati wenyewe: muhula wa pili wa shule unafunguliwa siku hizo hizo. Mtu anafika nyumbani hana kazi, mtoto kasimama mlangoni na barua ya karo. Halafu Julai unamwita arudi unamwambia atabasamu.

Bosi wetu alituita Februari, mwezi kama huu ulio nao. Alikuja na hesabu: vyumba vilivyokwisha kuuzwa vya Mei, vya Juni, na mishahara ambayo hoteli inaweza kuibeba. Akasema lazima baadhi yetu wapumzike, nisaidieni kupanga nani na lini. Nilidhani watu wataangua kilio. Kumbe! Wenzetu wa Ganda, Jilore na Kakoneni wakainua mikono wenyewe. Wao masika yakianza wanataka kwenda kupanda mahindi, na kila mwaka walikuwa wakiomba ruhusa wakinyimwa, kwa hiyo wanaua shangazi. (Mashangazi waliokufa Aprili katika hoteli ile, tungewazika kweli kusingebaki mahali pa kujenga.) Sisi tusio na shamba tukataka kubaki kwanza, tupumzike Juni. Waliobaki hawana mpango unaowafaa walikuwa wachache, na hao akakaa nao mmoja mmoja ofisini, mlango wazi. Mwingine likizo yake ya mwaka iliwekwa hapo na ikalipwa kabla shule hazijafunguliwa. Mwingine alipewa advansi kwa maandishi, airudishe Agosti wageni wakijaa. Mishahara haikupanda hata senti.

Ramadhani miaka hii inaangukia Februari na Machi, hoteli ingali na watu. Kwetu Wakristo walishika shifti za jioni ili sisi tukafuturu nyumbani, na Krismasi na Pasaka tukawalipa. Mpango waliutunga watu wenyewe. Kazi ya bosi ilikuwa kutia sahihi na kuwazuia wasimamizi wasiuvuruge.

Sasa umesema watu wako hawajitolei. Sikiliza hili la dobi.

Wageni wa jua hujipaka mafuta mwili mzima, wakalala nayo, na mashuka yanakuja na madoa ya njano. Ukiyatia jiki, doa hugeuka rangi ya kutu, na shuka ndiyo basi tena, linakatwa dasta. Tulikuwa tukiyapoteza kwa mafurushi. Kijana mmoja wa dobi, mtu wa maneno machache, akagundua kwamba ukichukua sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ukalisugua doa shuka likiwa bado kavu, ukaliacha kidogo, kisha ukafua kwa maji moto bila kugusa jiki, linatoka. Msimamizi wake akamwambia afuate utaratibu, hakuajiriwa kubuni. Akanyamaza, ila akawa anafanya kwa siri na kuyaanika kando.

Bosi alikuwa na mazoea ya kupita nyuma saa kumi na mbili asubuhi, peke yake, mikono mgongoni, na akiuliza swali anangoja jibu. Akakuta mashuka mawili yameanikwa pembeni, moja jeupe, jingine lina kutu. "Haya yana nini?" Kijana akaeleza, macho chini. Bosi akayashika, akayanusa, akayageuza kwenye mwanga. Hakumpa blenda. Alimpa gari la hoteli na dereva akawafundishe dobi wa hoteli yao nyingine Watamu, na mchana akakaa meza ya wageni akaagiza alichotaka. Utaratibu mpya ulipobandikwa, jina lake liliandikwa juu. Yule msimamizi naye hakuaibishwa mbele za watu. Aliambiwa tu kwamba kila mwezi alete jambo moja alilolisikia kwa watu wake, na aseme nani kalisema.

Kijana alipata kazi Dubai baadaye akaenda. Pesa ni pesa, sitakudanganya. Lakini aliaga miezi kabla, akaacha wawili aliowafundisha. Wa kwako wa pasta aliaga lini, na alimwachia nani mapishi?

Corona ilipoingia, ndege za kimataifa zilisimamishwa tarehe 25 Machi 2020, na sisi tukafunga hoteli. Kila Jumatatu bosi alituandikia ujumbe wa simu, hata kama ni kusema wiki hii hakuna jipya. Kila mmoja alikuwa na barua inayoonyesha atarudi wa ngapi. Ndege ziliporuhusiwa tena tarehe 1 Agosti, tuliitwa kwa orodha ile ile, hakupenya binamu ya mtu.

Haya yote msimamizi wa idara hawezi kuyafanya, mwanangu. Hana hesabu, hana tarehe, hana sahihi. Wewe unavyo.

Nahodha_wa_Amu amejibu:

Bibi Mashuka amenena. Mimi niko Amu, nina mashua za uvuvi na moja ya kutembeza wageni. Uongozi sijausomea. Ila kwenye uvuvi hesabu hufanywa mbele ya macho. Samaki wakipimwa kila baharia yupo, unatoa mafuta, barafu na chakula, kisha yanakatwa mafungu: chombo lake, nahodha lake, mabaharia yao. Siku ya hasara wote wanaiona hasara, wanachukua kitoweo wanakwenda zao. Hakuna anayeninunia kwa bahari kuwa tupu.

Shida iko kwenye mashua ya wageni. Huko nalipa mshahara na hesabu naishika mwenyewe. Vijana ni wale wale! Cha uvuvi wanakitia kalafati bila kuambiwa, cha watalii mpaka niseme mimi kwamba tanga limechanika. Kuanzia juma hili bakshishi za wageni zitahesabiwa gatini, wote wakiwepo. Nitawapa habari.

Meneja_Mgeni amejibu:

Mama, Mungu akuweke. Nimeisoma hii nikiwa kantini, na nimeona ukutani pana kalenda ya zamani na tangazo la gesi, basi.

Yamebaki mawili. Bodi itaiogopa hiyo karatasi. Wanasema wafanyakazi wakiyajua mauzo watadai nyongeza. Na kuna msimamizi mmoja wa siku nyingi, ndiye ninayeambiwa amewafunga watu midomo. Nimwondoe?

Afisa_Ajira amejibu:

La pili kwanza: kumwachisha mtu kwa utendaji au utovu wa nidhamu bila kumsikiliza utapoteza kesi. Lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi hapo.

Trei_Mkononi amejibu:

Mama, ile hoteli yenu bado inaajiri?

Mama_Mashuka amejibu:

Trei, tuma barua, usipige simu.

Meneja, waambie bodi kwamba nyongeza inadaiwa tayari, huko huko nyuma ya jikoni ulikosikia gumzo, na inadaiwa kwa hesabu za uvumi ambazo siku zote ni kubwa kuliko za kweli. Wakiona Mei imeingiza nini, nusu ya madai itapoa yenyewe. Nusu iliyobaki huenda ni haki yao, nawe utakuwa umejua mapema.

Msimamizi usimguse kwa maneno ya watu. Wengi wanaoficha wanaficha kwa sababu nao hawaambiwi, na mtu asiyejua jibu hataki maswali. Yeye na wenzake wape hesabu kwanza, siku moja au mbili kabla ya wengine, waulize wanayotaka huku mlango umefungwa, kisha awe yeye wa kuwaeleza watu wake, nawe umeketi nyuma. Akiendelea kuwabana baada ya hapo, fuata njia ya Afisa.

Na karatasi yenyewe: bandika pointi, mshahara wa mtu usibandike. Iandikwe Kiswahili, herufi kubwa, maana wapo wazee wa bustani wasiopenda kuomba kusomewa. Acha nafasi chini ya watu kuandika maswali, na ujibu hapo hapo kwa kalamu yako. Mara ya kwanza maswali yatakuwa ya kebehi, yajibu hivyo hivyo. Usiibandike Ijumaa mchana. Nusu ya watu wako watakuwa msikitini, na wakirudi watakuta wenzao wameshaipa tafsiri.